Kuziba Mianya ya Kukimbizana katika Kumbukumbu ya Kerneli

Hitilafu ya kukimbizana hutokea pale njia mbili za utekelezaji zinapogusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, walau moja ikikibadilisha, na matokeo yakategemea ipi ilitangulia. Katika kerneli ya Linux, inayotumika hapa kama mfano, usimamizi wa kumbukumbu ni miongoni mwa sehemu zinazoathirika zaidi. Nyuzi zote za mchakato mmoja hutumia majedwali yaleyale ya kurasa. Uzi mmoja unapoandika kwenye anwani fulani, mwingine unaweza kuwa unaifuta ramani ya anwani hiyohiyo, huku kswapd ikitafuta kurasa za kuondoa kwenye RAM na khugepaged ikiunganisha kurasa ndogo kuwa kubwa. Hakuna anayemsubiri mwenzake ila pale kufuli linapomlazimisha.

Hitilafu hizi ni za aina mbili, na tiba zake hazifanani. Katika aina ya kwanza, data yenyewe inasomwa na kuandikwa bila ulinzi wowote: thamani inaweza kusomwa nusu ya zamani na nusu mpya, au kompaila ikaisoma mara mbili pale mwandishi alipodhani imesomwa mara moja. Katika aina ya pili kila usomaji umelindwa vizuri na kila kufuli limechukuliwa na kuachiliwa kwa utaratibu, lakini uamuzi uliofanywa ndani ya kufuli unatumika baada ya kufuli kuachiliwa. Hitilafu za usalama zilizojulikana zaidi katika eneo hili ni za aina ya pili. Ndiyo maana kuongeza kufuli bila kujua ni uamuzi gani umezeeka mara nyingi hupunguza kasi ya mfumo na kuiacha hitilafu palepale.

Kazi huanza kwa kujua kila kufuli linalinda nini hasa. Kufuli la mmap_lock, ambalo kabla ya toleo la 5.8 la mwaka 2020 liliitwa mmap_sem, hulinda orodha ya maeneo ya anwani ya mchakato: wapi eneo linaanza, wapi linaishia, na lina ruhusa gani. Linaweza kushikwa kwa kusoma na wengi kwa pamoja, au kwa kuandika na mmoja tu. Tangu toleo la 6.4 la mwaka 2023 kila eneo lina pia kufuli lake dogo, ili uzi uliokosa ukurasa uhudumiwe bila kugusa kufuli kubwa la mchakato mzima. Chini yake kuna kufuli la jedwali la kurasa, ambalo hulinda maingizo yenyewe. Kufuli la folio, yaani furushi la ukurasa mmoja au zaidi linalosimamiwa kama kitu kimoja, huhakikisha kwamba furushi hilo bado ni la faili lilelile. Kisha kuna i_mmap_rwsem na kufuli la anon_vma, yanayotumika pale kerneli inaposhika ukurasa na kutaka kujua ni michakato gani inautumia.

Mpangilio wa kuyachukua makufuli hayo umeandikwa kwenye maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili la mm/rmap.c. Ni aya chache zisizovutia macho, lakini mrekebishaji asiyezisoma ataziba mwanya mmoja na kufungua mkwamo mwingine, ambapo nyuzi mbili zinasubiriana bila mwisho.

Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba kushika mmap_lock kwa kusoma kunazuia majedwali ya kurasa yasibadilike. Hakuzuii. Kunazuia maeneo tu. Wito wa madvise wenye MADV_DONTNEED, unaotupa kurasa za eneo, kwa miaka mingi wenyewe ulishika kufuli hilo kwa kusoma, kwa hiyo uliweza kwenda sambamba na uzi mwingine wowote uliolishika vivyo hivyo. Dosari iliyojulikana duniani kote kwa jina la Dirty COW ilitokana na ukweli huo.

Dirty COW, yenye namba CVE-2016-5195, ilitangazwa Oktoba 2016 baada ya kugunduliwa na Phil Oester. Ilikuwemo katika kerneli tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, na kwa kuwa Android imejengwa juu ya Linux, ilikuwemo pia ndani ya simu. Inafaa kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu kuandika hatua hizo kwenye karatasi, uzi mmoja kushoto na mwingine kulia, ndiyo njia ya kuielewa hitilafu yoyote ya aina hii.

Uzi wa kwanza unaandika kupitia /proc/self/mem kwenye ramani binafsi ya faili ambalo mtumiaji anaruhusiwa kulisoma tu. Njia hiyo ipo kwa ajili ya programu za kuchunguza programu nyingine, na kanuni yake ni kwamba maandishi yaende kwenye nakala binafsi, kamwe yasiende kwenye faili. Kerneli inakuta kwamba ingizo la ukurasa haliruhusu kuandika, basi inatengeneza nakala. Lakini eneo lenyewe ni la kusoma tu, hivyo hata ingizo la nakala halipewi ruhusa ya kuandika. Ili jaribio linalofuata lisikwame palepale milele, msimbo wa wakati huo uliondoa bendera ya FOLL_WRITE kwenye ombi, kana kwamba unasema: nakala imeshapatikana, sasa hakuna haja ya kuulizia ruhusa. Katika kipande hicho cha muda uzi wa pili unaita madvise, na nakala inatupwa. Uzi wa kwanza unarudi, haukuti ukurasa, unaomba tena. Safari hii ombi halina neno la kuandika, kwa hiyo unapewa ukurasa halisi kutoka kwenye akiba ya kurasa za faili. Na humo ndimo unamoandika. Mtumiaji wa kawaida amebadilisha faili la mfumo.

Hakuna kufuli lililovunjwa katika mlolongo huo. Kilichovunjika ni sentensi "nakala imeshapatikana", iliyokuwa kweli iliposemwa na ikawa uongo ilipotumiwa. Kila hitilafu ya kukimbizana ya aina ya pili ina sentensi kama hiyo, na mrekebishaji hajaielewa hitilafu mpaka aweze kuiandika kwa maneno: ukweli gani ulithibitishwa, wapi, chini ya kufuli gani, na ulitumika wapi.

Kabla ya kuchora mlolongo, hitilafu yenyewe inabidi ionekane, na kerneli ina vyombo vya kusaidia. KASAN, iliyoingizwa katika toleo la 4.0 mwaka 2015, hunasa matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, ambayo ndiyo dalili ya kawaida ya kukimbizana katika eneo hili. Ripoti yake hutoa mifuatano mitatu ya wito: wapi kumbukumbu ilitengwa, wapi iliachiliwa, na wapi ilitumiwa baadaye. Mifuatano miwili ya mwisho, ikiwekwa kando kwa kando, mara nyingi huwa ndiyo nyuzi mbili zinazotafutwa. KCSAN, iliyoingia katika toleo la 5.8, hufanya kazi kwa kuvizia: huchagua usomaji au uandikaji fulani, huweka mtego kwenye anwani yake, husimama kidogo, kisha huangalia kama kuna mwingine aliyeigusa. Hii hunasa aina ya kwanza ya hitilafu. Kwa Dirty COW isingesaidia, maana kila usomaji ulikuwa halali. Lockdep, iliyomo tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006, haioneshi kukimbizana, bali huonya pale makufuli yanapochukuliwa kwa mpangilio unaoweza kuleta mkwamo. Kazi yake kubwa huja baada ya kiraka kuandikwa.

Hitilafu ikionekana mara moja kwa saa sita haiwezi kurekebishwa kwa uhakika. Mwanya unapaswa kupanuliwa. Njia rahisi ni kuweka ucheleweshaji wa makusudi, kwa mfano mdelay ya milisekunde mia, katikati ya uthibitisho na matumizi, na kuzifunga nyuzi mbili za majaribio kwenye prosesa mbili tofauti. Ucheleweshaji huo una faida ya pili: ukiwekwa mahali panapodhaniwa na hitilafu isiongezeke, dhana ni potofu, na ni bora kujua hilo mapema. Njia nyingine ni userfaultfd, iliyoingia katika toleo la 4.3, ambayo huruhusu programu ya kawaida kusimamisha uzi uliokosa ukurasa kwa muda inaoutaka yenyewe. Washambuliaji waliipenda kwa sababu hiyohiyo, na tangu toleo la 5.11 mtumiaji asiye na mamlaka maalumu hawezi kusimamisha kwa njia hiyo matukio yanayozuka ndani ya kerneli, isipokuwa msimamizi wa mfumo aruhusu.

Baada ya hapo ndipo tiba huchaguliwa. Inayotumika zaidi katika usimamizi wa kumbukumbu ni kuthibitisha upya. Kazi nyingi haziwezi kufanywa zikiwa ndani ya kufuli la jedwali la kurasa, kwa kuwa kufuli hilo haliruhusu uzi kulala, na kutenga ukurasa mpya au kusoma diski kunaweza kuhitaji kulala. Kwa hiyo msimbo husoma ingizo, huachilia kufuli, hufanya kazi ndefu, hulichukua tena, kisha huuliza kwa pte_same kama ingizo bado ni lilelile. Likiwa limebadilika, kazi yote hutupwa na tukio huanza upya. Panapokosekana ulinganisho huo baada ya kufuli kuachiliwa na kuchukuliwa tena, mrekebishaji ana sababu ya kushuku.

Njia ya haraka ya kushika kurasa za mtumiaji hutumia wazo hilohilo kwa ujasiri zaidi. Husoma ingizo bila kufuli kabisa, huku imezuia vikatizi ili majedwali yenyewe yasiachiliwe chini ya miguu yake. Huongeza hesabu ya marejeo ya folio, kwa sharti kwamba hesabu hiyo haikuwa sifuri, kisha husoma ingizo tena. Likilingana na la awali, folio imeshikwa kihalali. Lisipolingana, hesabu hupunguzwa na kazi huhamia njia ya polepole yenye makufuli. Mpangilio huo haubadilishwi: kwanza kushika, halafu kuthibitisha. Anayethibitisha kwanza na kushika baadaye ameacha mwanya, hata uwe wa maelekezo mawili tu ya prosesa.

Wakati mwingine kufuli linaachiliwa mapema mno. Mfano mzuri ni CVE-2018-18281, iliyoripotiwa na Jann Horn wa Google Project Zero. Wito wa mremap ulihamisha maingizo kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, ukaachilia makufuli ya majedwali, na baada ya hapo tu ndipo ukasafisha TLB, yaani hifadhi ndogo ndani ya prosesa inayokumbuka tafsiri za anwani. Katikati ya hatua hizo mbili, uzi mwingine uliweza kufupisha faili kwa ftruncate, na ukurasa ukaachiliwa kutoka anwani mpya. Lakini prosesa nyingine bado ilikumbuka tafsiri ya anwani ya zamani, na ikaendelea kusoma na kuandika ukurasa ambao kerneli ilikwisha kuugawa kwingine. Tiba ilikuwa kusafisha TLB kabla ya kuachilia kufuli. Hali hii inahitaji uangalifu wa pekee, kwani TLB haionekani popote katika msimbo wa C: ni nakala ya jedwali iliyo mikononi mwa maunzi, na ingizo lililobadilishwa kwenye kumbukumbu halijabadilika kweli mpaka kila prosesa imesahau lile la zamani.

Mara chache zaidi, kufuli sahihi limeshikwa kwa namna isiyotosha. StackRot, yenye namba CVE-2023-3269, iliyogunduliwa na Ruihan Li, ilitokana na kukua kwa staki. Kwa miaka mingi kerneli ilipanua eneo la staki ikiwa imeshika mmap_lock kwa kusoma tu, na haikuwa na madhara, kwa sababu upanuzi ulibadilisha mpaka wa eneo bila kugusa umbo la mti uliohifadhi maeneo. Toleo la 6.1 la mwaka 2022 lilileta mti wa aina nyingine, maple, ambao katika hali fulani hubadilisha nodi nzima na kuiachilia ya zamani kupitia RCU, utaratibu unaongoja tu wasomaji waliojitangaza kwake. Wasomaji waliolinda usomaji wao kwa mmap_lock pekee walijikuta wakitembea juu ya nodi iliyokwisha kuachiliwa. Msimbo wa kukuza staki ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa. Dhana iliyo chini yake ndiyo iliyoondolewa. Tiba iliyowekwa Juni 2023 ilikuwa kudai kufuli kwa kuandika kabla ya staki kukua, na ilibidi iguse msimbo wa usanifu mwingi wa prosesa, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na njia yake ya kushughulikia ukurasa uliokosekana.

Kwa hitilafu za aina ya kwanza, tiba ni nyembamba zaidi. READ_ONCE na WRITE_ONCE huizuia kompaila isiisome au kuiandika thamani mara mbili, au kwa vipande. Pale ambapo ukurasa unatayarishwa kisha ingizo lake kutangazwa, panahitajika kizuizi cha mpangilio, ili prosesa nyingine isione ingizo kabla ya kuona yaliyomo. Hitilafu ya namna hii inaweza kujificha kwa miaka kwenye x86, ambayo haipangui maandishi, na kujitokeza kwenye ARM64, ambayo hupangua. Anayejaribu kwenye mashine ya x86 pekee hajajaribu. Katika mashine za biti 32 ambazo ingizo lake ni la biti 64, hata READ_ONCE haitoshi. Huko ptep_get_lockless husoma nusu ya chini, halafu ya juu, kisha ya chini tena, na kurudia mpaka nusu ya chini isibadilike kati ya masomo mawili.

READ_ONCE ina hatari yake: hunyamazisha KCSAN. Kuiweka mahali ambapo uamuzi unaozeeka ndio tatizo ni kuondoa onyo na kuacha ugonjwa. Hali ni hiyohiyo kwa kuongeza ucheleweshaji mpaka jaribio lipite, au kurudia operesheni mara tatu kwa matumaini. Mwanya uliopungua kutoka mikrosekunde hadi nanosekunde haujazibwa, na mshambuliaji ana muda wa kujaribu mara milioni.

Kosa la siri zaidi ni kuthibitisha alama badala ya ukweli, na historia ya Dirty COW baada ya 2016 inalionesha kuliko mfano wowote wa kubuni. Linus Torvalds alikuwa amejaribu kuurekebisha mwanya wa namna hiyo mwaka 2005, lakini kiraka hicho kiliondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye mashine za s390. Mwaka 2016 FOLL_WRITE iliachwa mahali pake, ikaongezwa bendera ya FOLL_COW, na kuandika kukaruhusiwa iwapo tu ingizo lilikuwa na alama ya kuchafuliwa, yaani ya kwamba ukurasa umeandikwa, kwa hoja kwamba nakala binafsi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandikwa lazima iwe na alama hiyo. Hoja ilikuwa nzuri kwa kurasa ndogo. Mwishoni mwa 2017 ikabainika kwamba katika kurasa kubwa, kusoma tu kuliweza kuweka alama ya kuchafuliwa, na hitilafu ikarudi kama CVE-2017-1000405. Mwaka 2022 ikarudi tena kama CVE-2022-2590, safari hii kwa sababu userfaultfd iliweza kuweka ingizo lenye alama hiyo juu ya ukurasa wa kumbukumbu shirikishi. Hapo ndipo FOLL_COW ilipofutwa, na msimbo ukaanza kuuliza swali lenyewe: je, ukurasa huu si wa faili, na je, ni wa mchakato huu peke yake? Alama ya kuchafuliwa ilikuwa ikifuatana na ukweli huo kwa bahati ya msimbo wa wakati ule. Mrekebishaji anayechagua sharti la kuthibitisha anapaswa kutafuta kila mahali ambapo alama hiyo huwekwa, na akikuta hata mahali pamoja pasipohusiana na anachotaka kujua, aiache.

Kiraka kikishaandikwa, ucheleweshaji wa makusudi hurudishwa na jaribio huendeshwa upya. Hitilafu ikikoma huku mwanya ukiwa umepanuliwa, kuna sababu ya kuamini. Kisha kerneli hujengwa ikiwa imewasha CONFIG_PROVE_LOCKING, CONFIG_DEBUG_VM na KASAN kwa pamoja, na majaribio yaliyomo katika tools/testing/selftests/mm yakaendeshwa. Syzkaller, programu inayoijaribu kerneli kwa miito ya kubahatisha, ikiachwa usiku kucha hupata miito ambayo mwanadamu hawezi kuiwaza. Ndani ya kiraka chenyewe, mahali pa maelezo kama "hapa mmap_lock imeshikwa" panafaa kuwekwa mmap_assert_locked, au lockdep_assert_held kwa makufuli mengine. Maelezo huzeeka kimyakimya, ila sharti linalokaguliwa hupiga kelele siku litakapovunjwa na mtu ambaye hajawahi kuisikia hitilafu ya kwanza.

Ujumbe wa kiraka hubeba mchoro wa hatua, prosesa ya kwanza kushoto na ya pili kulia, ili mkaguzi aufuate mlolongo bila kuukisia. Mstari wa Fixes hutaja badiliko lililoleta hitilafu, na huo ndio unaoamua matoleo gani ya zamani yatapewa tiba. Kulitafuta badiliko hilo kwa git blame pekee hudanganya pale ambapo mstari wenye kasoro ni wa zamani na kilichouharibu ni badiliko la mahali pengine. Kwa StackRot, mstari wa kukuza staki ulikuwa wa miaka mingi, lakini hatari iliingia na mti wa maple. Kwa hiyo tiba ilipelekwa katika 6.1.37, 6.3.11 na 6.4.1, na matawi ya kabla ya 6.1 hayakuihitaji.